Boti Iliyojikunja

Ripoti ilisema Zaidi amegonga kisiki. Mwanabibi aliisoma mara mbili bandani kwake Nyamisati, anapotengeneza boti za faiba, hasira ikampanda. Zaidi, nahodha wa boti ya wagonjwa, alikuwa mdogo wake, na sasa amesimamishwa kazi. Swaumu wa kijiji cha Salale, aliyekuwa anakimbizwa hospitali akajifungue, alikaa saa tano kwenye tope la mikoko baada ya boti kuvunjika. Mtoto hakupona.

"Bwana Evaristo," alimwambia mkaguzi aliyeileta ripoti, "kisiki hugonga chini. Boti hii imevunjika juu. Umeitazama?"

"Fundi, nimeandika nilichoambiwa."

"Na nani? Maana Zaidi hukumwuliza."

Akamwongoza hadi kwenye mabaki ya boti. Zaidi alikwisha kumweleza dada yake: wimbi moja lilinyanyua omo, mbele ya boti, jingine tezi, nyuma yake, katikati pakaning'inia, na ukingo wa juu ukabanwa huku na huku mpaka ukajikunja.

Mwanabibi akakata kwa grenda kipande kifupi cha ukingo ule, akatafuta kingine cha unene uleule, kazi ya mikono yake. Akavisimamisha kwa zamu juu ya jeki, chini ya lori bovu. Cha kwake kilistahimili mpaka lori likanyanyuka. Cha boti kililia pa! kikakunjika, nyuzi zikafumuka nyeupe, kavu.

"Nyuzi hizi ukizivuta zina nguvu kweli," alisema. "Ukizibana ncha kwa ncha, ni gundi inayozishika zisipinde. Hawa wa kiwanda walioiunda wamezilaza na makunyanzi, gundi wameibania. Zikapinda penye kunyanzi, zikazivuta na jirani zake."

"Labda ni boti hii moja tu."

"Labda?"

Boti ya pili ya wagonjwa, ya kiwanda hichohicho, ilikuwa imefungwa gatini, nesi Consolatha akipanga machela tayari kwa safari. Mwanabibi akaburuta waya wa umeme, akamwomba nesi ashuke, akaisukuma grenda kwenye ukingo.

"Mali ya serikali hiyo!" Evaristo alipiga kelele. "Nitakuitia polisi!"

"Waite! Na Swaumu naye alikuwa mali ya nani?"

Kipande kikatoka. Ndani mlikuwa na makunyanzi yaleyale na mapovu ya hewa. Consolatha alikitazama, kisha akaanza kuzishusha machela bila kumwuliza mtu.

Evaristo akakipapasa kile kipande kwa kidole. Mwishowe akaiweka ripoti juu ya pipa, akafuta neno kisiki, akafuta na jina la Zaidi. Akaandika kwamba boti ya pili isitoke.

Baada ya wiki moja Zaidi alirudishwa kazini. Mwanabibi aliitwa polisi Kibiti kwa kuharibu boti. Alikwenda na kipande kile mkobani, hasira yake haijapoa, na njia nzima alikuwa akimfikiria Swaumu, ambaye hakuna ofisi hata moja iliyokwenda kumwomba radhi.