Sekunde Nane kwa Mpagazi Mmoja

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, chai ya ofisi ikiwa bado haijachemka kwa sababu waya wa birika ulikuwa mbovu, mpagazi wa kwanza aliingia kwa mlango wa mapokezi. Alikuwa amelowa chapachapa, na kichwani alibeba kapu la mawe. Dada wa mapokezi alimwandikisha, akampa kadi ya mgeni, akamuuliza amekuja kumwona nani.

"Anayepanga idadi," mpagazi alisema.

"Huyo ni Mizani. Yuko kikaoni. Kaa hapo kwenye benchi, na kapu liweke chini, usijichoshe bure."

Kampuni ile ilitengeneza mchezo mmoja tu wa kompyuta. Wachezaji wawili hujenga ngome, hulima, huchimba mawe, hukusanya jeshi, kisha kila mmoja hutafuta njia ya kuingia kwa mwenzake. Kazi ya Mizani ilikuwa kuhakikisha hakuna upande unaoonewa. Wapiga mishale wakishinda kupita kiasi, aliwapunguzia mbio. Farasi wakizidiwa, aliwaongezea pumzi. Jina hilo walimbandika wenzake siku nyingi zilizopita, likamganda, hata mumewe alimwita hivyo.

Wiki ile handaki ndilo lililomnyima raha. Kila ngome ilizungukwa na handaki la maji, na kulivuka kulihitaji daraja, kazi ya dakika kumi. Lakini wachezaji walikuwa wamegundua kwamba mpagazi mmoja hutengenezwa kwa sekunde nane tu. Ukitengeneza ishirini na kuwaamuru watembee moja kwa moja, wanaingia majini mmoja baada ya mwingine mpaka handaki linajaa, na jeshi linapita juu yao. Vita vya saa nzima sasa vilikwisha kwa dakika sita. Aliyetangulia kushambulia alishinda mara themanini na mbili katika mia. Mkurugenzi alitaka toleo lililorekebishwa litoke Ijumaa.

Mizani aliposhuka mchana, wapagazi walikuwa kumi na tisa. Benchi lilikuwa limejaa, wengine wamekaa sakafuni. Mama wa usafi alikuwa akipiga deki kwa mara ya tatu.

"Wageni wako hawa, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Ukiwaita, waite wakiwa wakavu."

"Sijawaita, mama."

"Basi umewatengeneza. Ni yale yale."

Nyapara wao, mzee mwenye ndevu zilizokuwa bado zinachuruzika maji, alisimama. Mizani akamwamkia, naye akaitikia.

"Hatukuja kugombana," mzee alisema. "Tuna swali moja. Zile sekunde nane, nani alizipanga?"

"Ni mimi."

"Kwa nini nane?"

Mizani alijaribu kukumbuka. Ilikuwa Alhamisi moja, miaka miwili nyuma, dakika chache kabla ya kwenda kula. Kumi ilionekana nyingi, tano ikaonekana chache. Alimweleza hivyo hivyo, hakuongeza chumvi. Mzee alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"Sisi tulidhani kuna sababu kubwa zaidi," alisema, akaketi.

Jioni, wakati wa kula, Mizani alimtazama mumewe. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza paka jikoni, na mchezo ule aliupenda kweli.

"Wewe ukifika kwenye handaki unafanyaje?"

"Nawatosa wapagazi. Kila mtu anafanya hivyo siku hizi."

"Unawaza nini ukiwatosa?"

"Nawaza ngome," alisema mumewe, akisogeza bakuli la mchuzi. "Wale hata sijawahi kuwaangalia vizuri. Wadogo mno kwenye kioo."

"Si wadogo. Wamekaa pale mapokezi. Yule mzee ananizidi kwa kichwa kizima."

"Wape taulo basi," mumewe alisema, na alimaanisha.

Jumatano alipeleka taulo sita. Kisha akapandisha muda wa mpagazi kutoka sekunde nane hadi ishirini. Kufikia saa tisa alasiri wachezaji waliokuwa wakijaribu kanuni mpya walikuwa wameacha kutosa wapagazi, wakawa wanatosa wakulima. Hao waliingia mapokezi na majembe yao, na mbegu mifukoni mwao zilikuwa zimeanza kuchipua kwa sababu ya maji. Dada wa mapokezi aliishiwa kadi za wageni, akaanza kuwaandikia majina kwenye vipande vya karatasi.

Alhamisi Mizani aliandika kanuni nyingine, fupi kuliko zote alizowahi kuandika: yeyote akifika ukingoni mwa maji, asimame. Wachezaji wa majaribio wakarudi kujenga madaraja. Vita vilichukua dakika arobaini, na ushindi ukagawanyika hamsini na moja kwa arobaini na tisa. Asubuhi nzima hakuingia mtu pale chini, na wale wa jana walikuwa wameondoka. Benchi lilikauka. Mama wa usafi alikaa juu yake, akavua kiatu kimoja, akajikanda mguu.

Mkurugenzi alimwita Mizani saa nane.

"Nimecheza," alisema. "Nikiwaamuru waingie, wanasimama ukingoni. Halafu wanageuka, wananitazama."

"Ndiyo."

"Mchezaji hapendi kutazamwa, Mizani."

"Lakini takwimu zimekaa sawa."

"Zimekaa sawa, sikatai. Ila watu wanafungua mchezo huu wakitoka kazini. Wameamriwa kutwa nzima. Na wao wanataka angalau saa moja ya kuamuru na kutiiwa." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na mezani kwake kulikuwa na barua mia tatu za wachezaji. "Iondoe hiyo kanuni. Rudisha sekunde nane. Ongeza kina cha handaki tu."

Mizani alikokotoa. Handaki la watu arobaini badala ya ishirini lingempa mlinzi muda wa kutosha kujipanga. Hesabu ilitoka hamsini kwa hamsini, kitu ambacho hakuwahi kukipata katika miaka yake yote ya kazi.

"Na hao arobaini?" aliuliza.

"Nimeagiza benchi la pili," mkurugenzi alisema.

Alirudi kwenye meza yake. Alikaa mikono mapajani, muda mrefu kiasi cha kioo kujizima chenyewe. Kisha akakigusa kikawaka, akaiondoa kanuni, akarudisha sekunde nane, na kwenye kina cha handaki akafuta mbili, akaandika nne. Sifuri ilikuwepo tayari.

Toleo jipya lilitoka Ijumaa saa nne. Kabla ya adhuhuri wachezaji walikuwa wakiandika kwamba mchezo umenoga, kwamba sasa kuna haki. Mizani alisoma barua kumi, akashuka ngazi. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Nyapara alimsogelea, taulo shingoni.

"Arobaini?"

"Arobaini."

Mzee aliwatazama watu wake, midomo ikihesabu.

"Basi itabidi tupange zamu," alisema.

Nje baragumu la vita lililia, la upande gani haikujulikana. Wapagazi walianza kuinuka na kukunja taulo. Mzee aliinama kuchukua kapu lake, likamshinda, mawe yalikuwa yamelowa maji. Alijaribu tena. Mizani akainama upande wa pili, akashika ukingo wa kapu, wakaliinua pamoja, akamtwisha.

"Asante, mwanangu," mzee alisema, akatoka.