Kuonja si Kunywa

Maman Marie-Louise alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo asubuhi ile Nsimire, bintiye, ndiye aliyemuuzia muzee Zagabe kasiksi, pombe ya ndizi waliyokuwa wakiitengeneza nyumbani. Muzee hakuwa mtu wa kupokea kikombe kisichoonjwa. Kwa Washi, kabila lao, mwenye kutoa pombe huigusa kwanza kwa mdomo wake, mnywaji aone kwamba haina sumu. Nsimire akapiga funda moja, akampa muzee kikombe, akajifunga kitambaa na kushuka mbio. Depo alikofanya kazi ilikuwa chini tu ya kilima chao.

Siku ile hakutaka kuchelewa. Alikuwa dereva aliye bado kwenye majaribio katika depo hiyo ya dawa, mwanamke pekee kwenye usukani, na shefu Grégoire alikuwa amemwahidi: akirudi salama kutoka Kavumu, jioni watasaini mkataba.

Langoni akakuta madereva wamepanga mstari. Muuguzi Rosette alikuwa mezani, na mbele yake kifaa kidogo cha kupimia pombe, chenye mrija.

"Musiogope," alisema. "Kila mutu atapuliza humu, na murija wake mupya. Kama kuna mwenye anakunywa dawa ya munganga, aniambie mbele ya kumupima. Kisha mutaenda mumoja-mumoja kukojoa mu kikombe, tupime na madawa ya kulevya. Kikombe iko na kifuniko, utafungua weye mwenyewe. Tutaandika jina yako mbele ya macho yako."

"Na nikikosa mukojo?" akauliza Fabien, dereva wa zamani.

"Utakunywa maji, utangoja. Papa Fabien, mwenye hakosake maneno hakosake mukojo."

Watu wakacheka. Zamu ya Nsimire ikafika.

"Ulikunywa pombe tangu jana?"

"Hapana, maman."

Alijibu bila kusita. Kunywa ni kukaa, kikombe mkononi, na mazungumzo. Yeye hakuwahi kunywa tangu azaliwe. Akapuliza mpaka kifaa kikalia. Rosette akatazama namba, kisha akamtazama usoni.

"Kinasema ulikunywa."

"Eeh! Mutoto wa kasiksi!" Fabien akapiga makofi. "Mama anauza, mutoto anamaliza!"

Grégoire akatoka ofisini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akanyoosha mkono kutaka funguo za gari.

"Pombe tungeiongelea," akasema. "Uongo, hapana."

Nsimire akampa funguo. Tangu utotoni maneno yalimkwama mbele ya watu. Shule aliiacha kabla hajazoea kunyoosha kidole. Lakini akinyamaza sasa, uongo utabaki wake.

"Shefu, sikunywa," akasema chini-chini. "Nilionja."

"Kuonja na kunywa iko na tofauti gani?"

"Maman ni mugonjwa. Nilimupa muzee kikombe. Ningemupa bila kuonja, angesema kwetu kuna sumu."

Hata Fabien hakucheka. Hakuna hata mmoja pale ambaye hajawahi kukataa kikombe kisichoonjwa.

"Ulionja wakati gani?" akauliza Rosette.

"Sasa hivi, mbele ya kushuka kuja hapa."

Rosette akamvutia kiti. "Ikala hapa, nikuone. Usikunywe, usikule. Pombe yenye kubaki mu kinywa inatokaka yenyewe. Yenye iko mu damu haikimbie vile. Kisha robo saa utapuliza tena. Ikibaki, shefu iko na haki."

Nsimire akakaa. Wengine wakapuliza mmoja baada ya mwingine. Nje, gari la Kavumu lilikuwa limeshapakiwa, na Grégoire alikuwa akizungusha funguo kwenye kidole. Fabien akamkaribia na mfuko wa karanga.

"Twala, mwana. Usikasirike."

Rosette akampiga mkono. "Papa Fabien, utamuharibia!"

Wakati ulipofika, Nsimire akavuta pumzi, akapuliza. Kifaa kikalia. Grégoire akainama aone mwenyewe: sifuri.

Akamrudishia funguo. Kisha akasema, "Kikombe chako cha mukojo kile pale. Fanya upesi, Kavumu wanangoja dawa."

Jioni mkataba ukasainiwa.

Juma lililofuata Rosette akarudi na kifaa chake.

"Nsimire, ulikunywa?"

"Sikunywa," akajibu, na safari hii hata aliye mwisho wa mstari akasikia. "Na sikuonja. Leo ameonja mudogo wangu. Yeye hana gari."