Sala za Kupandia Ngazi

Lifti ya zahanati ilikuwa imekufa, kwa hiyo kaka mkubwa alipanda ngazi kama azipandavyo siku zote: zikipinda, anasimama, anashika ukuta, anafumba macho na kuliombea jengo la watu. Kazi yake na mdogo wake ilikuwa kupandisha makabati na majokofu ghorofani, na hakuna mteja aliyewahi kukataa baraka za bure. Wateja walimbandika jina la Mzee wa Sala.

Mdogo wake, aliyeitwa Kilio kwa sababu zinazojulikana, alishafika juu na kifua amekishika. Ndiye aliyekuja kupimwa.

"Kaka, fanya haraka! Nitakufa hujasema amina!"

"Ungekuwa wa kufa ungeshakufa. Kila likionekana kabati, kifua kinauma."

Daktari, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimbandika Kilio nyaya kifuani, akampandisha kwenye mashine yenye mkanda unaokimbia chini ya miguu. Kilio alitembea, akaongezewa mwinuko, akawaita marehemu wote wa ukoo. Mistari ya moyo ikatoka safi.

"Sioni shida ya moyo hapa. Nadhani ni asidi ya tumbo," daktari alisema, kisha akamgeukia kaka mtu. "Na wewe mzee, mbona ulichelewa kufika?"

"Alikuwa anaziombea ngazi zenu," Kilio alidakia.

"Mkishuka je, anaomba?"

Kilio alimgeukia kaka yake. "Kushuka... hapana. Kushuka huwa ananipita."

Mzee wa Sala alihisi masikio yakipata moto. Alitaka kueleza kwamba kwenye kushuka mtu hahitaji sana msaada wa mbinguni, lakini hata yeye aliona hoja hiyo haisimami.

"Una kisukari?"

"Kidogo tu."

"Hakuna kidogo. Vua shati."

Alipanda mashine kifua mbele, kama mtu anayekwenda kumwonyesha mdogo wake adabu. Mkanda ukaenda mbio, mwinuko ukaongezeka, pumzi ikaanza kukwama. Macho yakajifumba yenyewe.

"Usiombe, tembea!" Kilio alifoka.

Daktari aliikazia macho mistari ya moyo, akasimamisha mashine ghafla. "Kifua kinauma?"

"Hata kidogo."

"Hapo ndipo penye hatari. Ukifanya kazi, damu ya kutosha haiufikii moyo wako, na wenye kisukari wengine hawasikii maumivu. Wanaishiwa pumzi tu. Kuanzia leo hubebi hata kiti, mpaka hospitali kubwa wakupige picha ya mishipa."

"Daktari, huyu analia mchana kutwa halafu moyo mzima apewe yeye? Mimi nisiyelalamika? Siendi kokote. Kesho tuna kabati la milango mitatu."

"Kaka," Kilio alisema, na safari hii hakujishika popote, "ukianguka na hilo kabati, aliye chini ni mimi."

Mzee wa Sala aliketi. Akafumba macho, kwa mara ya kwanza akiwa mahali tambarare. Alikuwa na maneno ya kuombea majengo, wenye majengo na hata wapangaji wakorofi. Yote yakamkimbia.

"Ee Mungu," alisema, "pumzi huwa inaniishia. Nilikusingizia wewe."

"Amina," Kilio alijibu upesi. "Daktari, andika kabla hajageuza nia."

Kaka mkubwa akanyoosha mkono, akaipokea karatasi ya rufaa.