Shemeji Anayefanya Kazi "Hardly"

Katibu muhtasi wa ofisi ile ya maji aliitwa Mama Nukta, kwa sababu barua haikutoka mezani kwake bila nukta zake zote. Miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi chini ya wakubwa watano, na huyu wa tano ndiye aliyemtoa jasho. Mkuu huyu alipenda Kiingereza, tena cha sauti ya juu. Akikosea, mwenye kosa alikuwa yule aliyesikia.

Siku moja Mkuu aliingia kazini uso umemshuka. Wiki nzima mkewe alikuwa amemweka kitimoto: nafasi ya msimamizi wa ghala imetangazwa, na kaka yake yumo humo humo ghalani, sasa anangojewa nani? Kaka mtu, yaani shemeji wa Mkuu, alijulikana jengo zima. Alikuwa amejitandikia maboksi nyuma ya rafu ya mita, na akitoka huko shavu lilikuwa na mistari ya boksi. Kazi yake ilifanywa na mwenzake, mama mmoja mjane ambaye ungemfumba macho na bado angekuletea mita uliyoitaka.

"Andika," Mkuu alisema, akizunguka chumba mikono nyuma. Akaitamka barua nzima ya kumpendekeza shemeji yake, akaimalizia kwa mkazo: "He hardly works."

Vidole vya Mama Nukta vikasimama.

"Samahani, Mkuu. Hapo si tungeweka works hard? Hiyo ndiyo kufanya kazi kwa bidii. Hardly works ni kama kusema hafanyi kazi."

Mkuu akacheka, akaufungua mlango ili na watu wa foleni wasikie. "Jamani, hebu tusaidiane! Slow, slowly. Kind, kindly. Hard, je?"

"Hardly," akajibu mzee mmoja wa mbele, ambaye alitaka bomba lake litengenezwe siku hiyo hiyo.

"Umesikia? Hiyo ly ndiyo bidii yenyewe. Andika ninavyokwambia."

Masikio ya Mama Nukta yaliwaka moto. Siku nyingine angesahihisha kimyakimya, kama alivyofanya siku zote, na ndiyo maana Mkuu alijiona bingwa. Lakini dakika ile mjane alipita mlangoni amekumbatia boksi la mita, kijasho kikimtiririka. Mama Nukta akaandika neno kwa neno, akaweka nukta, akampelekea Mkuu asaini.

Siku ya tatu afisa utumishi wa makao makuu akapiga simu. Mkuu akaweka spika, mlango wazi. Mwanamke mwenye sauti ya upole aliuliza kwa Kiingereza kama ni kweli huyo shemeji hardly works.

"Very hardly!" Mkuu akajibu kwa fahari. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Even Saturday!"

Mwanamke akauliza tena: "Na umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mama Nukta akajifanya anatafuta faili chini ya meza. Alicheka hadi machozi, kisha roho ikamsuta, ila si sana.

Wiki iliyofuata wakaguzi wawili walikwenda moja kwa moja nyuma ya rafu, wakamkuta shemeji kama barua ilivyomweleza. Mjane akapewa usimamizi. Shemeji akahamishiwa kituo cha pampu, ambako kila saa lazima mtu asome geji na kutia saini. Mkuu naye aliletewa barua ya onyo: ilimsifu kwa ukweli usio wa kawaida, ikamkemea kwa kuchelewa kuusema.

Alipoisoma mara ya tatu, alimwita Mama Nukta na kufunga mlango.

"Kaa, mama," alisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya chini. Hakuwahi kumwambia akae. "Mke wangu nyumbani hanisemeshi. Siku ya nne leo. Nataka kumwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, na kile Kiingereza sasa nakiogopa. Nisaidie."

"Mwandikie kwa Kiswahili, Mkuu."

Mkuu aliitazama karatasi nyeupe iliyokuwa mezani.

"Kwa Kiswahili," akanong'ona, "nitajifichia wapi?"

Mama Nukta akamsogezea kalamu, akatoka.