Chumba Alichokikunja Istahil

Istahil, muuza maziwa ya ngamia pale Garsen, alirudi kutoka sokoni alasiri akakuta mlango wa chumba chake umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Mwenye nyumba, Abdinasir, alikuwa ameuegemeza kwenye mwarobaini, akijipepea kwa kofia. Kodi ilikuwa imelipwa, hilo hakulikana. Ila kuna afisa wa mradi amekitaka chumba, na afisa hangoji.

"Na notisi?"

"Si ndiyo hii nakwambia, mama. Jua lisikuzamie hapa."

Abdinasir naye alikuwa na lake. Mpangaji aliyepita alikaa mwaka mzima bure, kesi ikapigwa danadana, mwishowe akatoroka na balbu. Samaki mmoja akioza, kwa Abdinasir wote wameoza.

Istahil alifunga virago kama alivyofunzwa malishoni, ambako nyumba ni mali ya mwanamke na huhama naye mgongoni mwa ngamia: mikeka kwanza, kisha pembe, kisha kivuli. Kwa hasira akapitiliza, akakunja na chumba chenyewe. Akakipakia kwenye mkokoteni wa punda, na juu yake akamketisha mamake, Muslima, ambaye macho yalikwisha zamani.

Karibu na mnada wa ng'ombe, katikati ya vichaka vya miiba vya mathenge, alikikunjua. Kilisimama vizuri bila kuta, na ubaridi wake, balbu ikiwaka kwa tokeni za umeme za Abdinasir. Muslima alipapasa, akaupata mtungi mahali pake, akajilaza. Hakujua kwamba amefukuzwa, na Istahil hakumwambia.

Afisa alipofungua mlango uliorudishwa, alitokea moja kwa moja uwanjani nyuma, kwenye mbuzi. Akajaribu tena, mbuzi walewale. Akasema yeye hakukodi mbuzi.

Abdinasir alikwenda kwa mzee wa mtaa, Godhana, Istahil akaitwa, na kabla chai haijapoa hukumu ilikuwa imetoka.

"Ndani ni ya mwenye ukuta," alisema Godhana. "Rudisha, mama."

"Na notisi yangu?"

"Hiyo ngoja sheria mpya ya wapangaji. Si hata wewe ulitoa maoni kwa mkutano? Bado wanaisoma bungeni."

Inachosha, jamani. Mwenye nyumba akiita sheria, inaitika papo hapo. Mpangaji akiita, anaambiwa bado inasomwa. Wanasoma nini miaka yote hiyo?

Istahil alikirudisha chumba na kukikunjua ndani ya kuta, pembe kwa pembe. Abdinasir alikagua, akaona mkunjo karibu na dirisha, akaomba unyooshwe. Ukanyooshwa. Muslima alikuwa ameshaingia, amekaa mahali pake, mkono juu ya mtungi.

"Mama, tutoke," alisema Istahil.

"Twende wapi? Si tuko nyumbani?"

Afisa, mtu wa adabu, alimwamkia kwanza, kisha akamshika mkono, akamvusha kizingiti.