Kichwa Kisichonyolewa

Kiprugut alivua kofia mbele ya dirisha la karani, kisha akaivaa tena upesi. Nywele zake zilikuwa zimesongamana kama manyoya ya kondoo aliyesahauliwa msimu wa kukatwa, na hakutaka zitazamwe. Nyuma yake foleni ya wajane ilikuwa imejikunja hadi nje ya ofisi ya ustawi. Mwanamume alikuwa yeye peke yake.

Karani Hezekiah alimuuliza swali lile lile la wiki iliyopita: marehemu aliitwa nani?

"Unalijua," Kiprugut alisema. "Liko hapo mbele yako."

"Nalijua, mzee. Lakini amri inataka ulitamke mwenyewe. Juzi mtu alikuja kumlilia mke wa jirani yake ili apewe chumba."

"Andika: mwenye nyumba yangu."

"Wenye nyumba Nakuru ni wengi."

Mama mmoja kwenye foleni alinong'ona kwamba wanaume ndio hao, udongo haujakauka wameshasahau. Wenzake wakacheka chini kwa chini. Hezekiah hakucheka. Alimweleza mzee kwa upole kwamba kesho, Jumamosi, ndiyo siku ya mwisho. Asipotamka, chumba chake cha Bondeni kitapewa mfanyakazi mwingine.

Chumba kile kilikuwa cha mkewe. Alikipata kwa kufua mashuka ya hospitali, hadi pipa la maji ya moto lilipopasuka likamchukua. Sheria ilimruhusu mume mzee asiye na kazi abaki ndani. Kiprugut alivunja kokoto za reli mpaka kifua kikagoma. Nje ya chumba hicho hakuwa na pa kuweka ubavu.

Alitoka akiwalaani wote: karani, bwana mkubwa wa karani, na aliyewatuma kutoka ng'ambo. Wangejua nini? Kwao Kiprugut, upande wa Londiani, jina la maiti halitamkwi mpaka mfiwa anyolewe na watu wa ukoo wake. Ukimwita kabla ya hapo, unamzuia njiani. Na ukoo wake ulikuwa wapi? Ndugu zake walikuwa vibarua wa pareto huko Molo, na mzungu wao alikuwa amewanyima ruhusa hadi mavuno yaishe. Serikali hiyo hiyo iliyowafungia wanyoaji sasa ilikuwa inadai jina. Mtu hufungwa miguu, kisha anaambiwa akimbie.

Alipofika chumbani alisukuma mlango akaingia kama mwizi. Zamani hakuthubutu. Mkewe alichukia kushtuliwa, hivyo alizoea kugonga na kungoja sauti yake. Tangu mazishi, mkono wake ulikuwa haujagusa ubao wa mlango ule. Angegonga, angejibiwa na nani?

Jioni Chepkurui, aliyefua pamoja na marehemu, alimletea mursik kidogo, maziwa ya kugandishwa, kwenye kibuyu. Kiprugut akamwomba kesho aende dirishani amsemee.

"Sikubaliwi, na mdomo wangu pia umefungwa," Chepkurui alisema. "Mimi bado namwita yule wa beseni la kushoto." Akatazama kofia. "Hiyo unalala nayo?"

"Nani aniondolee nywele? Ukoo uko Molo."

"Nina wembe."

"Wewe si wa ukoo wetu."

"Si wenu. Lakini mgongo wake niliupaka mafuta mimi, siku tatu alizolala pale wodini. Ukoo wenu haukuwapo."

Kiprugut alitafuta mtu wa kulaumu kwa neno hilo, hakumpata. Alikunywa mpaka maziwa yakaisha. Kisha akavua kofia.

Asubuhi, nyuma ya nyumba, Chepkurui alimlowesha kichwa kwa maji ya baridi akaanza kazi. Mikono yake ilikwaruza, imekauka kwa sabuni ya magadi, na ilinuka mashuka yaliyochemshwa. Kiprugut aliijua harufu hiyo. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akajiachia kama mtoto, maji yakamtiririka usoni, ya beseni na yasiyo ya beseni. Nywele zilianguka mvi kwa mvi. Chepkurui alizikusanya, akazichimbia kwenye udongo.

Dirishani, Hezekiah alitazama kichwa king'aacho, akaweka kalamu tayari.

"Jeruto," Kiprugut alisema.

Karani alipiga muhuri. Alimwambia chumba ni chake, aende kwa amani. Mzee hakuondoka.

"Jeruto," alirudia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Alitembea hadi Bondeni na kofia mkononi, upepo wa ziwani ukimpiga utosini. Mbele ya mlango alisimama, ufunguo ukiwa mfukoni. Akainua mkono, akagonga mara mbili, polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua aliye ndani.

Kisha akangoja.