Chumba Kilichoziba Upepo

Hakuwa na mke tena, hakuwa na mtu wa kumwambia chai imepoa, hakuwa na sababu ya kutumia sufuria kubwa, na tangu jirani ahame hakuwa hata na wa kugombana naye kuhusu redio. Kazi hakuwa nayo pia, ingawa aliyemwita mstaafu alisahihishwa papo hapo: yeye ni mchora ramani, basi.

Ndiyo maana bahasha ya binti yake ilipofika, aliondoa kila kitu mezani ili aifungue. Binti na mumewe walikuwa wanajenga. Kwenye ramani iliyokuwa ndani ya bahasha kulikuwa na roshani pana mbele, sebule, jiko, na nyuma kabisa chumba kilichoandikwa "Mgeni".

Akampigia simu.

"Mgeni gani huyo?"

"Si ni wewe, baba."

"Mimi mgeni?"

"Jamani, baba, fundi ndiye aliyeandika. Nimekuomba mara ngapi uje ukae nasi? Kila siku 'tutaona, tutaona'. Haya, leo niangalizie hewa tu. Hapa tulipopanga tunaiva kama mikate. Mkweo anataka kuziba roshani kwa vioo, aweke na feni."

"Mwambie vioo aweke kwenye miwani yake."

Binti akacheka. Nyuma yake mkwe akauliza, "Mzee kasemaje?" Kisha simu ikakatika, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo.

Akachukua penseli. Roshani ilikuwa upande mzuri, ule unaopokea upepo. Ukuta wake wa kingo akaugeuza kuwa vyuma vyembamba, ili hewa imfikie hata aliyeketi. Akarefusha paa lizuie jua. Lakini upepo ukishaingia sebuleni ulihitaji pa kutokea, na hapo palizibwa na chumba cha mgeni. Alijaribu dirisha juu ya mlango. Alijaribu kusogeza jiko. Alihamisha ngazi, akajikuta ameweka choo uso kwa uso na meza ya chakula. Kila mshale wa upepo aliouchora uliishia kwenye ukuta wa chumba kile, chumba chake.

Angeweza kunyamaza. Wasingejua, wangenunua feni.

Alikifuta. Mahali pake akachora baraza la wazi, lenye ukuta wa matofali ya matundu. Mishale ikapita kutoka mbele hadi nyuma bila kukwama. Ilikuwa kazi safi, na hakuwa na wa kumwonyesha.

"Mwanangu," akaandika, "chumba cha nyuma kiondoke, ndicho kinachoziba. Vioo visiwekwe." Akatia sahihi. Akaisoma barua, haikuwa na kosa. Akakaa nayo mpaka kivuli cha dirisha kikahama mezani. Kisha, chini ya sahihi, kwa mwandiko usionyooka kama ule wa juu, akaongeza: "Mimi nitalala popote mtakaponiweka, hata na watoto wenu. Nataka kuja."

Akalamba gundi kabla hajabadili mawazo, akaibana bahasha kwa kiganja, akavaa viatu, akaenda kuitumbukiza posta.